Waroma wapige fidla, Johnny Depp apande farasi: ni sawa?

Mtoa mada
Wakuu, wikiendi nimeangalia filamu ya zamani kidogo, The Man Who Cried ya Sally Potter (2000). Kwa ambao hawajaiona: binti wa Kiyahudi anatoka Urusi akiwa mtoto, analelewa Uingereza, ukubwani anafika Paris kutafuta riziki jukwaani. Anaishi na Lola, mnenguaji wa Kirusi, anampenda Cesar, Mroma mpanda farasi (Waroma hapa si watu wa Roma, ni ile jamii iliyotawanyika Ulaya ambayo wengi huiita Gypsy). Mara Vita vya Pili vya Dunia vinabisha hodi. Karibu wote ni wasanii waliotupwa mbali na kwao.

Sasa huyo Cesar ni Johnny Depp. Jamaa zake pale kambini ni Waroma kweli: Taraf de Haïdouks, wanamuziki wa kijiji cha Clejani, Romania. Unaona vidole vya wazee vinakimbia juu ya fidla, unasema hapa sasa filamu imeanza. Wapi! Kamera inarudi kwa Depp, kanuna, nywele zimemwangukia usoni, maneno ya kuhesabu. Mwaka huohuo katika filamu ya Chocolat kacheza tena msafiri wa mtoni asiye na kwao. Yaani wenye kabila lao wamekuwa pambo. Mnaonaje?

Mchangiaji, Mwanza
Mkuu, kuigiza ni kuwa usiye. Forest Whitaker, mzaliwa wa Texas, alicheza Idi Amin akabeba Oscar 2007. Mbona hukulia? Huyo Lola ni Cate Blanchett, Mwaustralia. Hata yule mwimbaji wa opera wa Kiitaliano, John Turturro anachezesha mdomo tu, sauti ni ya Salvatore Licitra. Sinema ni kuazimana. Halafu pesa: bila jina kubwa kwenye bango, nani angetoa hata senti?

Mtoa mada
La pesa nakubali, sibishi. La Amin hapana. Filamu ile waliipigia picha Uganda, na Stephen Rwangyezi wa Ndere, kundi la ngoma la hukohuko, akapewa nafasi ya waziri yenye maneno ya kusema. Mganda alionekana akiongea. Na Mwitaliano akiazimwa sauti hapungukiwi, filamu zake zimejaa. Mroma akikosa hii, nyingine ipi?

Mchangiaji, Mombasa
Ndugu zangu, nyote mmemng'ang'ania Depp. Mimi kilichonichoma ni yule mtoto shuleni Uingereza, anaambiwa asahau lugha yake. Sisi tuliosoma Kenya tunaijua diski: ukiteleza ukasema lugha ya nyumbani, unavishwa shingoni, unazunguka nayo mpaka umnase mwenzio. Yangu ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani, na ile kamba ilikuwa inawasha. Kwa hilo Potter namvulia kofia, na hakuhitaji Myahudi wala Mroma kulijua.

Lawama yangu iko kwingine. Nilimaliza filamu nikidhani masaibu ya Waroma Paris yaliletwa na Hitler. Kumbe Ufaransa yenyewe, kwa sheria ya 1912, iliwalazimisha watu wa kuhamahama kutembea na kijitabu chenye picha, alama za vidole na vipimo vya mwili. Amri ya kuwazuia wasitembee ilitoka tarehe 6 Aprili 1940, Wajerumani hata hawajavuka mpaka. Wakatiwa kambini, kubwa kuliko zote ikiwa Montreuil-Bellay. Vita vimekwisha 1945, wa mwisho wakaachiwa 1946! Rais Hollande alikwenda pale kukiri hilo 2016. Angekuwapo Mroma mmoja chumba cha kuandikia hadithi, nadhani hili lisingeachwa.

Mtoa mada
Dada, umenipa kitu. Na ndiyo maana mwisho ule ulinikera: binti anapanda meli kwenda Marekani, Cesar anabaki Paris na ndugu zake, basi. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua stelingi hafi, lakini huyu hata hatuambiwi. Kuna filamu ya Waroma wenyewe kuhusu kambi hizo? Mwenye jina aliweke.

Mchangiaji, Mwanza
Ipo. Liberté ya 2009, wengine wanaijua kama Korkoro, ya Tony Gatlif, mzaliwa wa Algiers, mama yake Mroma. Sasa sikiliza: kamera iko mkononi mwa mwenye kabila, na nafasi ya Taloche, Mroma, kampa James Thiérrée, mjukuu wa Charlie Chaplin. Na huyo utamfungulia uzi?

Mtoa mada
Chaplin mwenyewe aliandika kwamba bibi yake alikuwa na damu ya Kiroma. Ngoja niitafute kwanza, nikiimaliza narudi hapahapa.