Kitabu kimoja, nyumba nzima tumegawanyika: The Lord of the Rings, niendelee au niache?

BintiMisitu:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, maana hapa nyumbani hatuelewani.

Desemba nilinunua The Lord of the Rings, riwaya ya Mwingereza J.R.R. Tolkien kuhusu pete yenye nguvu za uovu, kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Morogoro. Ni ile yenye juzuu zote tatu ndani ya jalada moja, kurasa zaidi ya 1,000, na mgongo ulikuwa umeshaachia. Kwa kuwa wasomaji tuko watatu na kitabu ni kimoja, baba alichukua kisu akakikata palepale juzuu zinapoachana, kila kipande akakivalisha karatasi ya kaki. Nilikaribia kulia. Baadaye nikaja kusoma kwamba Tolkien alikiandika kama kitabu kimoja, ila mchapishaji wake alikitoa kwa juzuu tatu, 1954 na 1955, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali baada ya vita. Basi na sisi tumefanya yaleyale.

Shida ni hii. Mdogo wangu aliona filamu kwanza. Alisoma kurasa 80 akanirudishia, anasema watu wanatembea, wanakula, wanaimba, wanalala, asubuhi wanatembea tena. Baba naye alikuwa bwana misitu Lushoto kwa miaka 26. Yeye ameshamaliza chote, na kipande cha kwanza amekirudia. Anasema hajawahi kukutana na mtunzi mwingine anayejua kwamba msitu unaweza kumchukia mtu, na kwamba ukiingia humo na shoka msitu unakukumbuka.

Mimi niko katikati. Mwanzo niliupenda sana: sherehe ya mzee Bilbo, mwenye pete, kutimiza miaka 111, halafu miaka 17 inapita kimya, halafu mchawi Gandalf anarudi na kuitupa pete motoni ili maandishi yake yaonekane. Hapo sikulala. Lakini sasa nimefika kwa Tom Bombadil, yule mwenye viatu vya njano anayeimba kutwa, na ni siku ya nne sijafungua kipande changu. Ameivaa pete na hakutoweka machoni pa watu kama wengine wanaoivaa. Frodo, mrithi wa Bilbo, alipoivaa, Tom alimwona vilevile. Sasa kama yupo mtu ambaye pete haimwezi, ile hofu yote niliyojengewa inabaki na maana gani?

Mliofika mwisho, niambieni ukweli. Ni mimi sina subira, au kitabu kina kasoro?

Msomaji_Nakuru:

Dada, acha. Nasema hivi nikiwa nimejaribu mara tatu. Ya mwisho nilikuwa nimevunjika mguu, wiki sita kitandani sina pa kwenda, na bado kilinishinda.

Bombadil nilimvuka. Kilichonimaliza ni baraza la Elrond, kikao cha kuamua pete ifanywe nini. Sura nzima watu wameketi wakielezana mambo yaliyokwisha tokea kwingine. Gandalf alifungiwa juu ya mnara wa Saruman, mchawi mwenzake aliyemsaliti, akaja kuokolewa na tai mkubwa. Hilo ni tukio la kumtoa mtu jasho, lakini sisi tunalipata kama taarifa ya kikao! Kwa nini hakutupeleka mnarani tukaone wenyewe? Na kuhusu Bombadil, filamu ya 2001 ilimtoa kabisa na hakuna uzi uliokatika. Mhusika ukiweza kumtoa na hadithi isilegee, basi alikuwa mpita njia.

Wala usione aibu. Mhakiki wa Marekani Edmund Wilson alikiponda vibaya mwaka 1956, huku mshairi W.H. Auden akikisifu. Wale ndio waliokuwa wakiishi kwa kusoma, na hawakukubaliana.

Mwalimu_Tanga:

Mwanangu BintiMisitu, usiache. Badilisha namna ya kusoma. Soma kwa sauti.

Nilifundisha fasihi miaka 31. Kitabu hiki nilikisoma ujanani kwa macho tu, na sikukipenda. Mwaka juzi nikaanza kuwasomea wajukuu baada ya chakula cha usiku, huku nawafasiria papo kwa papo. Zile nyimbo tunazoziruka sisi ndizo walizozidai wao. Nikikumbuka, bibi yangu hakuweza kutoa ngano bila wimbo. Hadithi inafika mahali, anaimba, tunaitikia, ndipo anaendelea. Ukiiandika ngano ile ukauacha wimbo, inabaki mifupa. Na Tolkien alikuwa profesa Oxford, kazi yake ilikuwa lugha za kale na tungo za Waingereza wa zamani zilizokuwa zikighaniwa mbele ya watu. Anaandika kwa sikio. Isitoshe, sisi tulioachiwa Utendi wa Tambuka wenye beti zaidi ya 1,000, tutamnung'unikia mtu kwa urefu?

Swali lako la Bombadil ni zuri, na linajibiwa humohumo barazani anapopachukia ndugu yetu wa Nakuru. Mmoja anapendekeza apewe Bombadil aitunze pete. Gandalf anakataa, anasema angeisahau au angeitupa, kwa sababu kitu kama hicho hakina nafasi akilini mwake. Ndiyo hofu yenyewe hiyo, mwanangu: asiyewezwa na pete haijali, na anayejali yuko hatarini.

Baraza ni refu, hilo nakubali. Lakini nimekaa mabaraza mengi ya wazee, na ndivyo yalivyo. Kila mmoja anasema hadi aishe. Kisha kinatanda kimya, wakubwa wote wametazama chini, na ndani ya kimya hicho yule mdogo kuliko wote, Frodo, anasema ataichukua pete ingawa njia haijui. Ungefupisha maneno ya wakubwa, kimya kile usingekisikia.

Tena katika dibaji ya toleo la pili Tolkien anakiri kwamba anaona kasoro nyingi, ila anaitaja moja tu: kitabu ni kifupi mno. Nilipowafasiria wajukuu, walimuunga mkono.

Kisauni_84:

Wote mnabishania urefu. Ugomvi wangu mimi ni mwingine.

Nakipenda kitabu hiki, nimekisoma mara nne. Na mara zote nne kuna mahali roho inaniuma. Watu wa Harad, watu wa kusini, wanakuja na ndovu zao kupigana upande wa Sauron, yule mwovu aliyeitengeneza pete. Kwenye vita vya Pelennor, vile vikubwa vya juzuu ya tatu, kuna mstari unawataja watu weusi kutoka kusini ya mbali na kuwafananisha na nusu majitu. Hakuna hata mmoja anayepewa jina. Mimi mtoto wa Pwani nikiitazama ramani ile, kwetu ni kule chini inakokatika karatasi. Najua Tolkien alizaliwa Bloemfontein mwaka 1892 na akaondoka mdogo wa miaka mitatu. Sitaki kumtungia sababu, nasema yaliyoandikwa.

Lakini upo ukurasa mwingine, juzuu ya pili, baada ya Sam, mwenzake Frodo safarini, kupika sungura. Mapigano yanawapitia karibu, na mtu wa Harad anaanguka mbele yao, amekufa, mkono wake wa kahawia bado umeshika upanga uliovunjika. Sam anajiuliza huyu mtu aliitwa nani, alitoka wapi, alikuwa mwovu kweli au alidanganywa na kutishwa mpaka akasafiri mbali hivyo, na kama hangependa kubaki kwao kwa amani. Halafu ndovu anatokea na hadithi inasonga.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza huku kwetu. 1944 walimpeleka Burma kupigana na Wajapani, watu ambao hajawahi kugombana nao. Hakupenda kusimulia. Ila jambo moja alitwambia mara nyingi. Alimkuta Mjapani amekufa kando ya njia, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimeshonwa upya kwa mkono. Babu alikuwa fundi viatu kabla ya vita. Aliuangalia ule mshono na kuona umefanywa taratibu, na mtu asiye na haraka. Akabaki anajiuliza kama yule kijana alijishonea au kuna mtu alimshonea. Hilo alilibeba mpaka anazikwa.

Tolkien mwenyewe alikuwa vitani Somme, Ufaransa, mwaka 1916, na katika dibaji hiyohiyo anasema kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Alijua maiti ni nini. Kwa hiyo ule ukurasa wa Sam naupenda, na ndio unaofanya nishindwe kumsamehe ule wa Pelennor. Aliweza kuandika vizuri zaidi. Tumeona kwamba aliweza.

Dadangu, usiache. Ila ukifika huko usipite mbio.

Msomaji_Nakuru:

Kisauni, sikuwahi kufika huko. Kuhusu baraza sijabadili mawazo, lakini juzuu ya pili nitaitafuta, hata kama ni kwa ukurasa huo mmoja.

Zuhura_Dom:

Mimi nilisimama kwa sababu nyingine, wanawake hawaonekani. Arwen, binti wa Elrond, karibu hasemi kitu, habari zake nyingi zimesukumwa nyuma kwenye viambatisho. Shangazi akaniomba nivumilie hadi Éowyn, yule mwanamke mpiganaji, asimame mbele ya mfalme wa Nazgûl, watumishi wa kutisha wa Sauron. Nilivumilia, nikafika, nikasoma mara mbili kwa kusimama. Bado naona ni wachache mno.

BintiMisitu:

Mwalimu, shikamoo. Na wengine wote, asanteni. Wiki mbili zimepita, nimerudi kuwaeleza.

Nimesoma kwa sauti jikoni. Bombadil alivumilika kuliko nilivyotarajia. Baraza lilinichukua usiku tatu, na mmoja nilisinzia, kwa hiyo Nakuru hajakosea kabisa. Kisha tukaingia Moria, migodi ya kale ya vijeba chini ya milima. Kile chumba ambamo Gandalf anasoma daftari la vijeba lililochanika na kulowa damu, hadi maneno ya mwisho, kwamba wanakuja. Mdogo wangu alikuwa anamenya viazi. Ameshaona filamu, anajua ngoma zitalia, anajua nani ataanguka darajani. Aliacha kumenya. Siku hizi akirudi kazini anauliza tumefika wapi. Bombadil bado hamtaki.

Kisauni, ulichoandika nilimsomea baba. Alinyamaza, akanyoosha mkono akachukua kipande cha pili, akafungua palepale bila kutafuta. Kwenye ukurasa wa Sam alikuwa ameweka jani kavu la mkaratusi. Nikamuuliza na ule wa Pelennor. Akasema aliusoma, akaupita, na sasa inamsumbua kwamba aliupita.

Tangu jana kipande cha tatu kiko kwake tena, kwenye kiti chake cha nje, na miwani ameiacha juu yake. Mimi namsubiri.