Jirani kaleta barua ya wakili: bima ya nyumba inagharamia kesi ya namna hii?

Kilima_Goba

Wakuu, salaam. Nyumba iko Goba, Dar es Salaam, kiwanja kimepimwa na hati ipo. Bima ya nyumba ilihuishwa tarehe 1 Machi: jengo Sh 180,000,000, vyombo vya ndani Sh 25,000,000, na mstari mmoja mfupi unaosema dhima ya mmiliki na mkaazi Sh 10,000,000 kwa tukio moja.

Mvua za Aprili zimeangusha ukuta wa fensi upande wa chini, kama mita 9, ukaangukia gari la jirani. Wakili wake ameleta barua moja yenye madai manne. Gari, Sh 11,800,000. Tanki lake la maji la chini ya ardhi kuchafuliwa na shimo la choo langu, Sh 4,000,000. Sehemu ya ukuta iliyobaki imeingia kwake sentimita 60, kwa hiyo niibomoe. Na nimemkashifu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, Sh 30,000,000. Nimepewa siku 14, baada ya hapo mahakamani.

Je, bima inasimamia kesi kama hii, au inahusu moto na wizi tu?

Dawati la Madai

Mkuu, pole. Mstari huo mfupi ndio wenye jibu lako, lakini haujibu barua nzima. Kampuni ya bima itaikata barua vipande vinne na kila kipande itakipima peke yake kwa swali hili: je, mtu mwingine ameumia au mali yake imeharibika kwa ajali, na sheria inakuwajibisha wewe?

Gari linapita kwenye swali hilo. Ukuta umeanguka kwa tukio la ghafla, mali ya mtu mwingine imeharibika, na dai ni la uzembe. Dhima ya mmiliki, yaani wajibu wako wa kulipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine, ipo kwa ajili ya mambo ya namna hii, sawa na mbwa kumng'ata mpita njia, mti kuangukia paa la jirani, au tanki la juu kupasuka na kufurika kwake. Ukishitakiwa, kampuni hulipa fidia hadi kikomo na pia gharama za utetezi ilizoziridhia kwa maandishi. Angalia kama gharama za wakili ziko ndani ya zile milioni 10 au ni juu yake. Mikataba haifanani, na kesi ikichukua miaka miwili tofauti hiyo ni kubwa.

Piga hesabu mapema. Tuseme unabeba mwenyewe asilimia 10 ya kila dai. Gari likithibitishwa kwa 11,800,000, sehemu yako ni 1,180,000 na zinabaki 10,620,000. Kikomo kinakata kwenye 10,000,000. Utatoa mfukoni Sh 1,800,000 hata kama kampuni imekubali kila kitu.

Tanki la maji ni gumu zaidi. Shimo la choo linalovuja kidogo kidogo kwa miezi si ajali kwa lugha ya bima, na mikataba mingi inatoa nje uchafuzi usio wa ghafla. Ukiweza kuonyesha kwamba shimo lilipasuka usiku uleule udongo ulipoteremka, una hoja. Mpeleke fundi aangalie ukuta wa shimo kabla halijajengwa upya, apige picha za ufa na udongo mpya.

Mpaka usahau. Pale hakuna ajali wala kitu kilichoharibika, kuna mabishano ya nani mwenye ardhi. Bima ya nyumba haimlipi mpima, haimlipi wakili wa ardhi, wala hailipi gharama ya kubomoa ukuta uliojengwa kwa kukusudia mahali ulipo.

Kashfa nayo iko nje, isipokuwa mkataba una nyongeza inayoitaja kwa jina. Maneno yaliyoandikwa kwa hiari hayahesabiwi kuwa ajali. Na jirani akienda polisi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hiyo ni jinai. Faini na utetezi wa jinai havimo.

Cha kufanya leo: andika taarifa kwa kampuni. Namba ya mkataba, tarehe na saa ya tukio, picha, nakala ya barua ya wakili yote, hata kurasa ambazo hazihusu bima. Ipeleke kwa mkono na urudi na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kumpigia wakala simu hakutoshi.

Nguzo na Mkanda

Naongezea upande wa ukuta wenyewe, maana mkadiria hasara, mtu anayetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu, atakuja na futi kamba.

Usizoe kifusi chote. Gari liondolewe, njia ifunguliwe, lakini acha angalau mita 2 za msingi na mkanda (zege linalofunga ukuta) zionekane. Piga picha kutoka pande zote mbili, na kijiti kilichowekwa alama za sentimita kikionekana ndani ya picha. Pima unene wa tofali, umbali kati ya nguzo, na kimo cha udongo uliokuwa umeegemea ukuta upande wako.

Kwenye miteremko ya Goba, fensi nyingi ni tofali za nchi 6 zilizosimamishwa kama ukuta wa kawaida, halafu mwenye nyumba akasawazisha uwanja kwa kujaza udongo nyuma yake. Hapo ukuta umegeuka kuwa wa kuzuia udongo bila kujengwa hivyo. Maji yakikosa pa kutokea, kila mita moja ya kina cha maji inasukuma chini ya ukuta kwa karibu tani moja kwa mita ya mraba. Kina cha mita 1.8 ni karibu tani 1.8 pale kwenye kozi ya kwanza, bila kuhesabu udongo. Ukuta huo unahitaji nguzo za zege zenye nondo kila mita 3 hivi, mabomba ya kutolea maji ya nchi 2 au 3 kila mita 1.5 hadi 2, na kokoto nyuma yake ili mabomba yasizibwe na tope.

Wakili wa jirani atauliza mabomba yalikuwepo au la, na kibali cha ujenzi kilionyesha nini. Tafuta michoro ya kibali sasa. Ukuta mpya usianze kabla mkadiria hajaona wa zamani.

Halafu angalia kama kwenye ile milioni 180 fensi imetajwa. Gharama ya kuujenga upya ukuta wako haitoki kwenye dhima, inatoka kwenye bima ya jengo, na fensi mara nyingi huachwa nje ya thamani iliyoandikishwa.

Masijala

Mambo mawili ya utaratibu yanayoharibu madai mazuri.

La kwanza ni kikao cha serikali ya mtaa. Nenda, msikilize, mpe jirani pole kwa hasara, ni ubinadamu. Lakini usisaini muhtasari wenye maneno "nakubali kulipa" au "ni kosa langu". Karibu kila mkataba wa bima unakukataza kukiri dhima au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na karatasi ile yenye mhuri wa mtaa itakuwa kielelezo namba moja. Andikisha hivi: "Tukio limetaarifiwa kwa kampuni ya bima, nasubiri maelekezo yake." Inatosha.

La pili ni samansi. Kwenye kesi ya madai ya kawaida mahakamani una siku 21 tangu ulipopokea kuwasilisha maelezo ya utetezi. Siku ya kupokea, andika tarehe na saa juu ya karatasi, peleka nakala kwa kampuni siku hiyohiyo, omba jibu la maandishi kama wanaweka wakili. Ikifika siku ya 10 kimya, weka wakili wako na uwaandikie kwamba umefanya hivyo kulinda haki za pande zote. Usikae kuwasubiri hadi hukumu ya upande mmoja itoke.

Kwa kuwa madai yamechanganywa, tegemea barua ya kampuni inayosema itatetea dai la gari huku ikihifadhi haki zake kwa mengine. Hilo ni jambo la kawaida. Maana yake wakili wao hatakutetea kwenye kashfa, na unahitaji wako kwa sehemu hiyo.

La mpaka lina njia yake. Linaanzia kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya yote, mpima aliyesajiliwa atafute bikoni (alama za mpaka wa kiwanja) na kuzilinganisha na ramani ya upimaji. Mkiwepo wote wawili anapopima, sentimita 60 zinaweza kuisha siku hiyohiyo.

Pwani ya Mbali

Angalizo kwa wanaosoma makala za Uingereza: kule watu huongeza kwenye bima ya nyumba kipengele cha gharama za kisheria, nacho huweza kumlipia mwenye nyumba wakili hata kumshitaki jirani, kesi ikiwa na nafasi ya kushinda zaidi ya nusu. Hiyo ni bidhaa tofauti na dhima. Usiende kwa wakala wa Dar ukiwa na matarajio hayo.

Kilima_Goba

Asanteni sana, nimeelewa. Taarifa nimeshaiandika. Kuna jambo sikulitaja: tarehe 14 Februari jirani alinipa barua ya mkono kuhusu ufa kwenye ukuta huo. Niiambatanishe? Na gari lake lina bima kubwa, hilo linabadilisha kitu?

Masijala

Kwa barua hiyo nadhani kampuni itakataa. Ulijua hatari.

Dawati la Madai

Masijala, hapo natofautiana nawe kidogo. Sharti la kuchukua tahadhari halifuti uzembe wa kawaida, kwa sababu uzembe ndio watu wanaonunulia dhima. Kampuni inatakiwa kuonyesha kwamba mteja aliiona hatari akaiacha bila kujali. Kama baada ya Februari uliita fundi, ukapata makadirio, hata ukatuma ujumbe wa kuuliza bei ya nondo, kusanya hayo yote pamoja na tarehe zake.

Wasiwasi wangu uko kwenye tarehe. Barua ni ya 14 Februari, bima imehuishwa 1 Machi. Wakati wa kuhuisha unatakiwa kutaja jambo lolote linalogusa hatari, na kampuni itasema ulilinyamazia. Tafuta fomu au barua pepe ya kuhuisha uone uliulizwa nini na ulijibu nini. Kama ulimwambia mtu kuhusu ufa, angalia alikuwa nani: wakala ni mtu wa kampuni, hivyo kumwambia yeye ni hoja ya kusema kampuni ilijua. Broka ni mtu wako, na kumwambia yeye peke yake hakukusaidii hivyo.

Iambatanishe. Jirani anayo nakala na wakili wake ataitoa. Ikitoka kwake kwanza, utaonekana uliificha mara mbili.

Kuhusu gari: bima yake kubwa ikimlipa, kampuni yake inachukua nafasi yake na kukudai wewe. Kwa hiyo usimpe jirani hata shilingi ya rangi kabla ya kujua kama ameshalipwa. Malipo yoyote yafanywe kwa hati ya kumaliza madai inayotaja gari, tarehe ya tukio, na kwamba hakuna dai jingine litakalotoka kwake au kwa kampuni yake.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Barua hiyo ndiyo utakayopeleka Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.