Nimelipa shilingi 45,000 kwa kitabu cha kufundisha rangi za picha, na ndani yake hakuna ukurasa hata mmoja wenye rangi

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kazi zangu nyingi ni za sendofu, kipaimara, ubatizo na mahafali. Mwezi wa tano nilinunua kitabu cha Kiswahili kinachofundisha kuhariri picha kwa kompyuta, katika duka moja la vitabu hapa mjini. Duka silitaji na mwandishi simtaji, kwa kuwa bado ninadai fedha yangu na ningependa kulimaliza jambo hili ana kwa ana. Kitabu kilikuwa kimefungwa kwa nailoni, na muuzaji alikataa nisikifungue kabla ya kulipa. Jalada lake linang'aa, lina uso wa msichana, ua jekundu na anga la bluu. Nilipofika studio na kuichana ile nailoni, nilikuta kurasa zote za ndani ni fotokopi ya kijivu.

Sura ya nne inahusu kuondoa rangi ngeni usoni, na kwa kweli ndiyo iliyonifanya nitoe fedha. Aliyewahi kumpiga picha bibi harusi katikati ya migomba ya Tukuyu, au pembeni ya mashamba ya chai ya Rungwe, anaifahamu shida yenyewe: mwanga unagonga majani, unarudi ukiwa umebeba ukijani, kisha unatua chini ya kidevu na shingoni, hata mtu mwenye afya njema anaonekana kama ametoka kuugua. Katika ukurasa wa 61 kuna picha mbili za mwanamke mmoja aliyesimama chini ya mti, na maelezo yanamtaka msomaji alinganishe uso wenye ukijani upande wa kushoto na uso uliosahihishwa upande wa kulia. Nimezilinganisha mbele ya dirisha saa nne asubuhi. Nimezilinganisha chini ya taa. Nimechukua kioo cha kukuzia. Ni kijivu kilekile, na msomaji anayejifunza peke yake hana namna ya kujua alichotakiwa kukiona.

Jibu la shida hiyo nilikuja kulipata kwa kuharibu na kurudia. Ukiongeza zambarau nyekundu kwenye picha nzima ili kuua ule ukijani, gauni jeupe linageuka la waridi, na familia italiona gauni kabla ya kuuona uso. Inabidi rekebisho libaki kwenye vivuli vya uso na shingo tu, chini ya maski (kifuniko kinachochagua ni sehemu ipi ya picha ibadilike), na likome pale ngozi inapoanza kupokea mwanga wa anga. Maneno haya yanatosha aya moja. Kitabu kimetoa kurasa tisa kwa sura hiyo na aya hiyo haimo.

Lugha yake nayo imeniumiza, maana nilikinunua hasa kwa sababu ni cha Kiswahili. Nina vijana wawili wanaojifunza kazi kwangu, wote wameishia kidato cha nne, na nilitaka wasome kwa lugha wanayoiwazia. Sasa tazameni: picha kwenye kompyuta hujengwa kwa matabaka yanayolaliana kama karatasi, na ile nguvu ya tabaka la juu kufunika lililo chini yake imetafsiriwa kuwa "uwazi". Kwenye programu ya kuhariri kama Photoshop, tabaka lenye asilimia 100 limefunika kabisa na kilicho chini hakionekani, lakini Mswahili akiambiwa kitu kina uwazi wa asilimia 100 anaelewa kwamba kinapitisha macho kama kioo safi cha dirisha. Kwa hiyo kitabu kinaposema "punguza uwazi hadi asilimia 30", msomaji anatarajia tabaka lizidi kufunika, na kompyuta inafanya kinyume chake. Kijana wangu mmoja alipoteza mchana mzima hapo, akaniambia, "Dada, nadhani kompyuta hii ni mbovu." Kompyuta haikuwa na kosa lolote, na yeye hakuwa na kosa lolote. Mtafsiri angeandika "ufunikaji", au hata "uzito", kijana yule angemaliza zoezi kabla ya chai.

Kulainisha ukingo wa eneo ulilochagua kumeandikwa "unyoya", na mwanafunzi anaamriwa "weka unyoya 5" bila neno jingine la kumweleza hizo 5 ni za nini. Maski imeitwa "barakoa". Neno lenyewe ningeweza kulivumilia kama maelezo yangekuwapo, kwa sababu maski ni jambo jepesi: ukipaka nyeupe, tabaka linaonekana, ukipaka nyeusi, linafichika, ukipaka kijivu, linaonekana nusu. Kurasa sita za barakoa zimeandikwa bila sentensi hiyo. Sikubali kuambiwa kwamba Kiswahili ndicho kisichoweza kuyasema mambo haya. Aliyeandika hakuyaelewa kwanza kabla ya kuyatafsiri.

Nafika kwenye lililonifanya nifungue uzi huu.

Mwezi wa sita nilipiga picha za sendofu ya binti mmoja. Mama yake ni mteja wangu wa siku nyingi; watoto wake wote wamepita mbele ya kamera yangu tangu wanabatizwa. Kitabu kinafundisha kulainisha ngozi hivi: rudufu picha, ifishe makali kwa kiasi cha 10, kisha irudishe kwenye uso kwa brashi. Kumi, kwa kila uso na kila picha. Nikafuata. Kwenye picha ya binti peke yake matokeo yalikuwa mazuri, na nilikisifu kitabu mbele ya vijana wangu. Nikatumia 10 hiyohiyo kwenye picha ya ukoo mzima, nikaisafisha kwa ukubwa wa A4, nikaiweka kwenye fremu.

Mama alipokuja kuchukua aliishika fremu kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulionikata zaidi: "Mwanangu, kazi yako siku zote naisifu. Lakini huyu si binti yangu. Ile alama chini ya jicho aliirithi kwa bibi yake, umeipeleka wapi?"

Nilirudia kazi yote bila malipo. Usiku ule nilikaa na kompyuta hadi nikaelewa kilichotokea, na nitakieleza hapa ili mwingine asiaibike kama mimi. Ile 10 inahesabiwa kwa pikseli, yaani vile vidoti vidogo vinavyoijenga picha. Picha za kamera yangu zina pikseli 6,000 kwa 4,000. Binti alipokuwa peke yake, uso wake ulichukua takriban pikseli 2,000 kwa upana, na pikseli 10 ndani ya uso wa namna hiyo ni sawa na kugusa vinyweleo tu. Katika picha ya ukoo, wenye watu zaidi ya ishirini, uso uleule ulikuwa na pikseli zisizozidi 200. Kumi ileile ikafuta alama, kope na mstari wa midomo. Namba haikubadilika, uso ndio uliobadilika, na ukubwa wa uso ndio unaotakiwa kuipanga namba. Mwalimu yeyote anayestahili kuitwa mwalimu angeanza na hilo. Kitabu cha shilingi 45,000 hakitaji neno pikseli katika sura nzima ya ngozi.

Na ngozi yenyewe ni ya nani? Namba za kitabu hiki zote zimetoka kwa watu weupe, na aliyezihamishia kwenye Kiswahili hakujisumbua kutazama uso wa jirani yake. Kinasema ngozi nzuri kwa ajili ya kuchapa inatakiwa kuwa na wino wa samawati kidogo tu ukilinganishwa na wa njano. Chukua kanuni hiyo uiweke kwa mtu mweusi wa hapa kwetu, anageuka mwekundu kama tofali. Kinasema pandisha mwangaza wa kati, ule wa sehemu zisizo nyeusi sana wala nyeupe sana, kwa 40 ili uso "upendeze". Ngozi nyeusi husomeka kwa mng'ao wake: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua. Ukipandisha mwangaza wa kati, ile nafasi kati ya ngozi na mng'ao inapungua, umbo la uso linalala, na rangi inafifia mpaka inafanana na jivu. Mzee aliyenifundisha kazi hii Iringa, wakati wa filamu, alikuwa akisimama katika chumba cha giza na kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya, akikinga mwanga usifike sehemu fulani ya karatasi ili sehemu hiyo itoke ang'avu kidogo. Hakuwahi kumfanya mtu mweupe. Aliutafuta mng'ao uliokuwapo tayari, akausaidia. Brashi ya kung'arisha na ya kukoza iliyomo kwenye Photoshop imetokana na mikono ya watu wa namna yake, na kitabu kimeipa mistari miwili.

Jambo hili lina historia, kwa hiyo mwandishi hawezi kusema halikujulikana. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley kwa jina la mwanamke wa kadi za mwanzo za kampuni ya filamu ya Kodak, na nyuso zetu zikatoka giza lenye macho na meno. Watu walilalamika, na watengenezaji hatimaye wakabadilika. Leo mtu wa kwetu anachukua kipimo kilekile, anakitia Kiswahili, na kutuuzia sisi tuliokataliwa nacho.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Sura ya histogramu, ule mchoro unaoonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani, inaamuru kila picha ivutwe mpaka ijaze kuanzia 0, yaani weusi kamili, hadi 255, yaani weupe kamili. Nilifanya hivyo kwa picha ya Ziwa Ngosi iliyopigwa asubuhi ya ukungu, na ukungu ukawa moshi mchafu. Picha ya ukungu haina weusi kamili, wala haipaswi kulazimishwa kuwa nao. Wapiga picha wa Nyanda za Juu Kusini tunafanya kazi ndani ya ukungu mara nyingi. Kitabu pia kinaelekeza kila badiliko lifanywe moja kwa moja juu ya picha yenyewe, ihifadhiwe kama JPEG, ifungwe, kisha ifunguliwe tena kwa zoezi linalofuata. JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kutupa sehemu ya taarifa, na kila unapohariri na kuhifadhi upya inatupa tena. Matabaka ya marekebisho, yanayobadili mwonekano bila kuigusa picha iliyo chini, yamekuwamo ndani ya Photoshop tangu toleo la 4 la mwaka 1996. Huyu anafundisha kana kwamba hayajabuniwa. Mwaka wa kuchapishwa haukuandikwa popote. Wala hamwambii kijana asiye na uwezo wa kukodi Photoshop kila mwezi kwamba ipo GIMP, ambayo ni ya bure, na kwamba tabaka, maski na histogramu zinafanya kazi kwa kanuni zilezile humo.

Nilipokirudisha dukani mara ya kwanza, muuzaji alisema, "Dada, wengine wamenunua na hawajalalamika." Rafiki zangu wananiambia niachane na vitabu nitazame video. Video nazitazama, lakini bando linakwisha, na video haikai kando ya kibodi ikiwa imefunguka ukurasa uleule wakati mikono yote miwili iko kazini. Kijana anaweza kuchukua kitabu nyumbani Uyole, akakisoma umeme ukiwa umekatika, akaandika maswali yake pembeni mwa ukurasa, kesho yake akaja nayo. Ninavipenda vitabu vya kazi, na nimejifunza mengi ya kamera kwa kusoma. Ndiyo maana nimeudhika kiasi hiki.

Ninadai mambo haya kwa duka na kwa mchapishaji, na nitayasema hivi hivi Jumatatu nitakaporudi na kitabu mkononi. Kwanza, nirudishiwe shilingi 45,000 zangu. Kitabu chochote kinachofundisha rangi kiruhusiwe kufunguliwa kabla ya kulipiwa, na kama ndani ni kijivu, jalada liseme hivyo. Zaidi ya hayo, kama nakala hizi zimetolewa fotokopi bila idhini ya mwandishi, basi naye ameibiwa pamoja nasi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Katika hilo nitakuwa upande wake, pamoja na yote niliyoyasema juu ya kazi yake.

Ninawaomba jambo moja. Aliyenunua kitabu cha aina hii Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, chenye msichana na ua jekundu kwenye jalada, afungue ukurasa wa 61 na aniambie hapa kabla ya Jumatatu: je, katika nakala yake, uso wa mwanamke wa upande wa kushoto una ukijani?