Pikipiki ya safari ndefu: ninunue mpya au iliyotumika kidogo?

Mkazi wa Arusha anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Nimeweka akiba kwa muda mrefu ili ninunue pikipiki ya safari ndefu, na aina nimekwisha kuichagua: Suzuki V-Strom 650XT, yenye injini ya silinda mbili ya cc 645, tenki la lita 20 na uzito wa kilo 216 hivi. Kinachonisumbua ni kama nichukue mpya au iliyotumika.

Wakala mmoja yuko tayari kuniagizia mpya, lakini anataka nilipe sehemu kubwa ya bei mapema na nisubiri miezi kadhaa. Wakati huohuo kuna mgeni aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini, ambaye sasa anarejea kwao na anauza yake ya mwaka 2021. Dashibodi inasoma kilomita 11,000, ina masanduku matatu ya alumini, na bei anayotaka ni kama theluthi mbili ya bei ya mpya. Mwenyewe anasema muda mwingi imetembea kwenye lami.

Nia yangu ni kusafiri na mke wangu kutoka Arusha hadi Mbeya kupitia Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa, kisha tushuke Tukuyu hadi Ziwa Nyasa. Mungu akijalia, baadaye tutafika Kigoma. Mke wangu anapendelea mpya kwa sababu anaamini kitu kipya hakina siri, nami siwezi kusema kwamba amekosea. Je, kilomita 11,000 ni nyingi kwa pikipiki ya namna hii?

Fundi wa Moshi anajibu:

Ndugu muulizaji, kwa injini hiyo kilomita 11,000 si kitu. V-Strom 650 imekuwa ikiundwa na kuboreshwa tangu mwaka 2004, na kitabu cha huduma kinataka valvu za injini yake (milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi) zikaguliwe kila kilomita 24,000, maana yake ni kwamba pikipiki unayoitazama haijafika hata kwenye ukaguzi wake mkubwa wa kwanza. Lakini ningekuomba usiipime kwa namba ya dashibodi, kwa sababu namba hiyo haikwambii kilomita hizo zilitembewa wapi, wala pikipiki ilisimama muda gani bila kuguswa. Pikipiki iliyokaa stoo mwaka mzima yaweza kuwa na betri iliyokufa, petroli iliyochacha ndani ya tenki na matairi yaliyokauka, hata kama dashibodi yake inasoma kilomita 4,000 tu.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiwasili, gusa injini kwa mkono uhakikishe kuwa ni ya baridi, kisha iwashwe mbele yako, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema huficha matatizo ya kuwaka na milio ya dakika za mwanzo.

Baada ya hapo omba jambo ambalo wanunuzi wengi hawaombi, nalo ni tenki liinuliwe ili mlifikie chujio la hewa. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeifahamu V-Strom, na ndiyo itakayokupa ukweli wa maneno ya muuzaji kuhusu lami. Chujio likiwa limejaa vumbi jekundu, pikipiki hiyo imezunguka porini. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa imetengenezwa ili isafiri. Kosa ni vumbi kulivuka chujio. Pitisha kidole kwenye njia ya hewa upande wa ndani, baada ya chujio. Kidole kikitoka na unga mwekundu, injini imekuwa ikinyonya vumbi, na kuta za silinda husagwa nalo polepole bila mtu kusikia mlio wowote. Mimi kwa hali hiyo ningeiacha, hata bei ikipunguzwa.

Kisha iinuliwe kwa mbele ili tairi la mbele linyanyuke, nawe ugeuze usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi kama unakwama kidogo katikati, beringi za usukani zimechoka. Tazama pia vizuizi vya usukani kwenye fremu, pale unapogota ukikata kona hadi mwisho. Vikiwa vimebonyea, pikipiki iliwahi kuanguka au kugonga kitu kwa mbele, hata kama plastiki zimebadilishwa zikang'aa. Nguzo za foki, ile miguu ya mbele inayoshika tairi, ziwe kavu, bila utando wa oili. Meno ya sproketi ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, yasiwe yamelala upande mmoja.

Jambo la mwisho linahusu muundo wenyewe: chujio la oili la injini hii limekaa mbele, nyuma tu ya tairi, mahali ambapo mawe hurushwa. Kama mwenyewe hakuweka bamba la kukinga injini, piga magoti umulike tochi uone kama kuna mahali palipogongwa.

Dada wa Dar es Salaam anajibu:

Ninaheshimu maelezo ya fundi, lakini naona hoja ya shemeji yetu isipitwe haraka. Anayekaa nyuma naye anasafiri, na hofu yake ina uzito. Ukinunua mpya unajua kila kilichoifikia tangu siku ya kwanza: oili ya kilomita 1,000 za mwanzo ulibadilisha mwenyewe, hakuna aliyeilazimisha injini kabla haijazoea, na shokapu haijawahi kubeba mizigo kwenye barabara za makorongo. Mimi niliagiza mpya, na utulivu wa akili nilioupata ulistahili fedha zilizoongezeka.

Hata hivyo, kabla hujamlipa wakala hakikisha waranti yake inafanya kazi mahali unapoishi. Muulize nani atakayeifanyia huduma pikipiki yako Arusha, kama ana kifaa cha kusoma mfumo wa umeme wa injini, na spea ikikosekana itatoka wapi na kwa muda gani. Majibu yakiwa ni kwamba kila huduma lazima uilete Dar es Salaam, au waranti ifutwe, basi unanunua karatasi ambayo hutaweza kuitumia. Kwa mtu wa Arusha, Nairobi iko karibu zaidi kwa spea, na huko wapanda pikipiki za safari ni wengi kuliko huku kwetu. Uliza pia kuhusu malipo ya mapema: mkataba uandike tarehe ya kufika, namba ya chasisi itakapojulikana, na kitakachofanyika ikichelewa.

Mtu wa forodha anajibu:

Wakuu, mmezungumza vizuri kuhusu chuma, lakini hakuna aliyegusa nyaraka, na kwa muuzaji wa aina hii hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko chujio la hewa.

Wageni wengi wanaofanya kazi kwenye balozi, mashirika ya kimataifa au miradi ya misaada huingiza vyombo vyao kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa mtu huyo, haukifuati chombo. Kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha kama wewe, kodi inatakiwa ilipwe kabla umiliki haujahama. Kwa hiyo hiyo theluthi mbili ya bei inaweza kugeuka ikakaribia bei ya mpya mara tu hesabu ya kodi itakapopigwa, na muuzaji atakuwa amekwisha kupanda ndege. Muulize waziwazi iliingiaje nchini, uone hati za forodha na risiti, na muandikiane ni nani atakayelipa kama kuna deni.

Linganisha namba ya chasisi na ya injini zilizopigwa kwenye chuma na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Uione kadi halisi, usikubali nakala, kwa kuwa kadi huwekwa rehani kwa mkopo. Fedha yote isitoke mkononi kabla maombi ya kuhamisha umiliki hayajaingizwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) nyote wawili mkiwapo. Muuzaji akishaondoka, saini yake utaifuata wapi?

Mkazi wa Arusha anarudi:

Nawashukuru sana. Jana nilikwenda na fundi, na mke wangu naye akaja, maana niliona ni bora aone mwenyewe.

Injini tuliikuta ya baridi na ikawaka mara moja bila moshi. Tenki liliinuliwa, chujio lina vumbi la kawaida, na upande wa ndani kidole kilitoka safi. Usukani unazunguka bila kukwama na vizuizi vyake havina alama. Kasoro tulizoziona ni tatu: cheni na sproketi zimekaribia mwisho, ufunguo wa pili haupo, na tairi la nyuma lina tarakimu 1221, ambazo fundi alinieleza kuwa ni wiki ya 12 ya mwaka 2021, yaani ndilo lililokuja na pikipiki. Kuhusu kodi, mwenyewe alinionyesha risiti: aliinunua hapa nchini kwa mtu aliyekwisha kuilipia, na kadi ina jina lake.

Ameahidi kupunguza bei kwa kiasi cha gharama za cheni, matairi na ufunguo. Mke wangu alimuuliza maswali mengi kunishinda, na sasa anasema yuko radhi tukiichukua, mradi breki zifanyiwe kazi kwanza. Je, ni gharama gani nyingine nizihesabu kabla ya kuanza safari ya Mbeya?

Fundi wa Moshi anajibu:

Mama yuko sahihi kuhusu breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani na hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, iwe pikipiki imetembea au imesimama. Badilisha ya mbele na ya nyuma, na maji ya rejeta pia, kisha weka oili na chujio vipya ili hesabu ya huduma ianze upya mkononi mwako.

Usidharau ufunguo wa pili. Funguo za V-Strom nyingi zina chipu inayotambuliwa na injini, na ukipoteza huo mmoja ulio nao mkiwa Kondoa, fundi wa mtaani hawezi kukuchongea mwingine ukawasha. Uagize kabla ya safari, tena muuzaji apunguze bei yake kwa gharama halisi ya ufunguo wenye chipu pamoja na kazi ya kuusajili, si bei ya kipande cha chuma.

Mwisho, V-Strom ina kitasa cha kukaza springi ya nyuma kwa mkono bila spana. Kabla ya kuondoka, pakieni masanduku kama mtakavyosafiri, mkae wote wawili juu yake, ukaze kitasa hadi pikipiki isilale nyuma, halafu mwende mpaka Babati na kurudi siku hiyohiyo. Tatizo lolote la shokapu au la namna ya kupakia litajitokeza kabla ya kurudi Arusha, na mtakuwa bado mko karibu na gereji.