Chakula cha mchana cha Desemba Tanga: presha ipimwe kabla ya wali

Kutoka: Dada wa Makorora, Houston

Asalaam aleikum wana Tanga wote, popote mlipo.

Ahadi za shughuli yetu ya Desemba, chakula cha mchana cha kuchangia afya ya moyo wa mwanamke huko Tanga, zimeanza kuingia, ahsanteni. Wengine mmeniuliza kwa nini nimeng'ang'ania moyo, tena moyo wa mwanamke, wakati nyumbani shida ni nyingi.

Mama mkubwa wangu alifia Makorora. Juma zima alikuwa akisema amechoka, na kutoka uani hadi barazani tu alikuwa anahema. Usiku ule mgongo na taya vikamuuma, akatapika. Tukasema gesi. Akaletewa dawa ya tumbo kutoka duka la dawa, na mimi niliyekuwa kwenye simu nikamwambia anywe maji ya tangawizi. Alfajiri hakuamka.

Maumivu ya kifua ndiyo dalili kubwa ya mshtuko wa moyo kwa wanawake pia, lakini wao huwa na hizo nyingine zaidi ya wanaume: taya, mgongo, kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu usioeleweka. Mama mkubwa aliwahi kupata kifafa cha mimba. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanamke aliyepitia hilo hubaki na hatari kubwa zaidi ya presha na maradhi ya moyo, hata miaka mingi baada ya kujifungua. Wangapi kwetu wameambiwa?

Hapa Marekani, Ijumaa ya kwanza ya Februari watu huvaa nyekundu kwa ajili hiyo. Chama cha moyo cha hapa kilianzisha kampeni ya Go Red for Women mwaka 2004, na katika miji mingi wanawake hulipia meza, hula pamoja, humsikiliza aliyenusurika, kisha huchanga. Nilipokaa kwenye meza hiyo niliwaza Tanga. Sare sisi hatufundishwi. Doti ya kanga ikishachaguliwa, mtaa mzima umeivaa.

Kutoka: Kaka wa Chumbageni, Leicester

Dada, pole sana. Nitachangia, ila hesabu ziwe wazi. Kuna mchango niliwahi kutoa, mpaka leo sijui ulinunua nini. Tuandike kabisa: bei ya kadi ni ya chakula na ukumbi, mchango ni kitu kingine, na mwenye kushika fedha asiwe ndiye anayenunua.

Na tulio huku tusingoje Desemba. England, mwenye miaka 40 na zaidi hupimwa presha bure kwenye maduka mengi ya dawa. Mke wangu alikwenda kunisindikiza tu, ikaonekana yake ndiyo iliyopanda.

Kutoka: Muuguzi mstaafu, Ngamiani, Tanga

Wanangu, nimesoma yote. Mkitaka kazi hii iwe na maana, kila mwanamke aondoke akiijua namba yake ya presha. Apimwe akifika, kabla ya kula na kabla ngoma haijaanza. Akae dakika tano, ameegemea, miguu chini, asizungumze, na awe ameshakwenda msalani. Mkanda wa mashine hufungwa kwenye mkono mtupu, si juu ya nguo. Kwa hiyo wekeni chumba chenye pazia na wapimaji wanawake, la sivyo wenye mabaibui watakunja mikono ya nguo nusu nusu na namba zitadanganya. Leteni na mikanda mipana. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo.

Atakayefika 140 kwa 90 asitishwe. Aandikiwe kwenye karatasi arudiwe siku nyingine kituoni. Atakayekutwa na 180 kwa 120, naye anahema au kifua kinambana, hatuli naye wali: gari liwe tayari kumpeleka hospitali ya Bombo.

Mapishi nayo niachieni. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, siku hiyo hapana. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu tano kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Samaki mbichi wa kupaka, ndimu na ukwaju vitatosha, hakuna atakayelalamika.

Kutoka: Dada wa Makorora, Houston

Shikamoo mama. Tumekuelewa, na chumba cha pazia nakiandika cha kwanza, kabla ya viti na mapambo.

Kaka, fedha zishikwe na watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa Tanga, risiti zipigwe picha na kuletwa hapahapa. Mchango ununue mashine za presha na betri zake, na sehemu iwekwe ya nauli kwa mama atakayepewa rufaa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wengi hurudi nyumbani na karatasi ya rufaa, ikakaa chini ya godoro kwa kukosa nauli.

Mashine mbili na mikanda mipana minne nanunua mimi. Nani anasafiri wiki ya kwanza ya Desemba, mwenye nafasi ya kilo tatu kwenye begi?