Naomba ushauri: nitatofautishaje fronti ya baridi na upepo wa wingu la radi?

Habari zenu wakuu. Najifunza kusoma vipimo vya hali ya hewa na nimekwama kwenye fronti, ule mpaka ambapo hewa mbili zenye joto na unyevu tofauti hukutana.

Fronti ya joto hainisumbui sana. Hewa ya joto hupanda taratibu juu ya ile ya baridi, kwa hiyo mawingu membamba ya juu hutangulia, yanashuka na kuwa mazito, kisha inafuata mvua ya kutulia. Ya baridi ndiyo shida. Hewa baridi ni nzito, hujipenyeza chini kama kabari na kuisukuma ya joto juu kwa nguvu. Lakini upepo unaomwagika kutoka kwenye wingu la radi nao hushusha joto ghafla, hubadili mwelekeo wa upepo na kupandisha baromita (kipimo cha kanieneo ya hewa). Kwenye grafu za kituo kimoja vinafanana mno!

Nimejaribu kulinganisha saa ya mvua na saa ya upepo kugeuka, sijapata jibu.

Je, nitazame vipimo kwa muda gani baadaye kabla ya kuamua? Na kati ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa kulifikia, mvuke wake huanza kugeuka matone) na mwelekeo wa upepo, kipi cha kuaminika zaidi? Natanguliza shukrani.