GPD Pocket na Debian 12: neno la siri linakataliwa kila nikiwasha

Mama Fotokopi (Bukavu)

Jambo wakubwa kwa wadogo. Nina kibanda cha kuchapa na fotokopi huku Kadutu. Wateja wangu ni wanafunzi wa TFC (kazi ya kumaliza masomo), wale wanaokumbuka kazi siku tatu kabla ya kuitetea. Nilinunua kompyuta ndogo ya GPD Pocket iliyotumika, ya inchi 7, ili nipande nayo mlima nikachape nyumbani umeme ukirudi usiku. Windows yake ilikuwa nzito. Jumamosi nikaifuta, nikaweka mfumo wa Debian 12 (aina ya Linux) kwa flashi, lugha Kifaransa. Nikakubali pia diski nzima ifungwe kwa neno la siri, maana kitu kinachoenea kwenye mkoba kinaibiwa upesi.

Kazi ilifika mwisho bila kosa. Sasa nikiwasha, maandishi yanakuja yamelala ubavu, nageuza kichwa kama kuku anayemchungulia mwewe. Naandika neno langu, kimya kirefu, halafu inasema si lenyewe na kunitupa kwenye `grub rescue>`. Nimejaribu mara 15. Neno liko kwenye daftari, sijalisahau! Nimechomeka hata kibodi kubwa ya azerti (ya mpangilio wa Kifaransa) ya kibandani, yaleyale. Na kuna kijana anatetea Alhamisi.

Mwana Lushi

Yambo yaya. Kioo cha hiyo mashine ni cha tableti, kwa asili kinasimama wima, 1200 kwa 1920, wao wakakilaza. Ongeza `fbcon=rotate:1` kwenye mstari wa kernel (kiini cha mfumo), maandishi yatakaa sawa.

Mama Fotokopi

Aksanti mdogo wangu, lakini huko kwenye kernel sijafika. Niko nje mlangoni.

Mwana Lushi

Kweli, nimeruka mbele. Basi futa, weka upya.

Fundi wa Birere (Goma)

Mama, usifute kitu. Na tafadhali usije ukaliandika neno lenyewe hapa.

Kibodi ya Pocket imechapwa kwa mpangilio wa kwerti, ule wa Kimarekani. Wewe ulipochagua Kifaransa, programu ya kusakinisha ikahamia azerti yenyewe. Vidole vyako vikafuata herufi zilizochapwa, mashine ikaandika nyingine, na kwa kuwa neno la siri linaonyeshwa kwa vitone hukuona kitu. Ukibonyeza *kaza*, yenyewe imehifadhi *kqwq*. Sasa anayekuuliza neno ukiwasha ni GRUB, programu ndogo inayoamka kabla ya Debian yenyewe, na GRUB kwa kawaida anajua kwerti ya Kimarekani tu. Unabonyeza *kaza*, anasoma *kaza*, anakataa. Ana haki yake.

Kibodi ya kibandani haisaidii kwa sababu kitufe hakitumi herufi, kinatuma namba ya mahali pake. Herufi inaamuliwa na anayepokea.

Fanya hivi: washa kwa ileile flashi, weka kibodi ya Kifaransa, fungua programu yoyote ya kuandikia, uandike neno lako ukitazama vidole, si kioo. Kitakachotokea ndicho neno lako la kweli. Linakili kwenye daftari, uzime, kisha mbele ya GRUB uliandike hilo kama lilivyo. A itakuwa q, z itakuwa w, m itakuwa mkato. Tarakimu zitageuka alama: 1 ni &, 4 ni ', 5 ni (, 8 ni _. Shida ni kama neno lina 2, 7, 9 au 0: hizo zinakuwa é, è, ç na à, na hapo GRUB hana kitufe chake. Hapo tu ndipo ningesema rudia kusakinisha.

Ukishaandika, subiri. Ile prosesa yake ya Atom x7 inachukua muda kulikokotoa neno, usiguse kitu.

Mama Fotokopi

Fundi! Neno langu lina a mbili, m moja, 4 na 8. Kwenye flashi likatokea limejaa mikato na alama kama la mtu aliyelewa. Nimeliandika hivyohivyo, nikasubiri mpaka chai ikapoa, ikafunguka. Na skrini imejisimamisha yenyewe baada ya GRUB, Mwana Lushi, sikuweka chochote. Wifi pia imeonekana.

Lakini sitaandika hayo matusi kila siku. Nalibadilisha vipi?

Fundi wa Birere

Kernel ya siku hizi inakijua hicho kioo. GRUB ndiye atabaki ubavu, mzoee.

Angalia kwa `lsblk` sehemu iliyofungwa, kwako itaanza na mmcblk0p. Halafu `sudo cryptsetup luksAddKey /dev/` ikifuatwa na jina hilo. Itakuuliza la zamani, kisha jipya. Chagua neno lisilo na a, q, z, w, m wala tarakimu, hizo herufi nyingine ziko mahali pamoja pande zote mbili. La zamani usilifute mpaka jipya limefungua mara mbili tatu.

Mama Fotokopi

Kiswahili bila a wala m! Nimekaa robo saa, nikapata mboga moja na ndege mmoja, kumbe vyote vina a. Mwishowe nimechukua maneno matatu ya Kifaransa. Jipya limefungua mara tatu. Naanza sura ya pili ya kijana.